Kusoma Jina Lisilosomeka

Watu wengi wakiona maandishi yasiyofanana na neno lolote walijualo huyahukumu kuwa hayana maana. Hukumu hiyo imetugharimu sana. Karatasi nyingi za pwani yetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilipotea mikononi mwa warithi waliozitazama wasione neno. Siku hizi hatari ile ile imehamia katika kompyuta.

Mwaka uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Lamu, aliniletea kompyuta ya marehemu babu yake mzaa mama. Warithi walikuwa wamekubaliana iuzwe, na mnunuzi alitaka aipokee tupu. Ndani yake mlikuwamo faili zipatazo 40 zilizokataa kufunguka. Fundi alikwisha kusema kuwa ni takataka au virusi, akashauri zifutwe. Tulikuwa na siku mbili. Jina la faili ya kwanza lilikuwa hili:

%D8%A8%D8%A7%D8%A8%D8%A7

Msomaji na alitazame jina hili kwa subira kabla ya kuendelea, maana subira ndiyo nusu ya kazi. Alama ya asilimia haihesabu kitu hapa. Inatenga jozi moja na nyingine. Kila jozi ina alama mbili, na katika majina yote 40 hapakuwa na herufi iliyopita F. Basi hizi ni tarakimu za hesabu ya kumi na sita, ambayo baada ya 9 huita kumi A, kumi na moja B, hata kumi na tano F. Anwani za intaneti huandikwa hivyo kila zinapobeba herufi zisizo za Kilatini. Faili ikipakuliwa na programu isiyojua kulifumbua jina, hubaki na jina hilo la mafumbo.

Lililonivutia zaidi ni D8. Lilirudi kila baada ya jozi moja, na katika majina mengine lilipokezana na D9. Lugha haina herufi irudiayo kwa mpango wa namna hiyo, kwa hiyo D8 haikuwa herufi kamili, bali kichwa cha herufi. Ndivyo ilivyo katika utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992: herufi za Kiingereza hutumia baiti moja moja, na za Kiarabu hutumia mbili mbili. Hesabu yake si ngumu. D8 ni 216. Toa 192, zabaki 24. Zidisha kwa 64, upate 1,536. A8 ni 168. Toa 128, zabaki 40. Jumla ni 1,576, na katika orodha ya Unikodi nambari hiyo ni ya herufi be. A7 ikitendewa vivyo hivyo huleta 1,575, nayo ni alifu.

Be, alifu, be, alifu. Mwanafunzi wangu alisema polepole, "Baba." Baba yake alifariki yeye angali mdogo sana, na katika nyumba ile hakuna aliyempa habari zake kwa kirefu. Nilimwona akiikaribia meza.

Hapo ilinibidi kumzuia kidogo, na sikupenda kazi hiyo. Hesabu ilikuwa imetufikisha kwenye herufi tu. Toka herufi kufika neno kuna safari nyingine, nayo ni ya zamani kuliko kompyuta. Kiarabu hakina p, na waandishi wetu wengi wa kale waliiandika kwa be. Wengine waliongeza nukta wakapata be ya nukta tatu. Kama mzee angalitumia herufi hiyo tungaliona D9 na BE, na shaka ingalikwisha. Tena wengi hawakuiandika m iliyo mbele ya b. Kwa hiyo herufi nne zile zaweza kuwa baba, zaweza kuwa papa, na kwa mwandishi wa mtindo wa kale zaweza kuwa hata pamba au bamba. Faili ya pili ilikuwa na te, nuni, ze na ye. Nilipenda kusoma tenzi, lakini tanzi nalo huandikwa vivyo hivyo, na sikuona ni haki kuchagua neno kwa sababu nalipenda. Mashine haina msaada katika jambo hili. Msaada uko kwa yule ajuaye mwandishi alikuwa nani na aliishi kwa kazi gani.

Nilimwuliza kazi ya babu yake. Alijibu kuwa alikuwa mwenye jahazi, akinunua samaki wakavu visiwani. Alipokwisha kusema, alinyamaza.

Tuliifungua faili kwa programu ya maandishi matupu. Mwanzoni kabisa palikuwa na %PDF, alama ianzayo kila faili ya aina hiyo. Jina lilikuwa limepoteza mkia wake tu. Tuliurudisha, na kurasa zikatokea, zimepigwa picha kutoka daftari la zamani, kwa hati nzuri ya wino mweusi. Ilikuwa hesabu ya papa: majina ya wavuvi upande wa kulia, frasila upande wa kushoto. Ile ya pili ilikuwa tenzi kweli, mbili, moja haina mwisho. Faili zote 40 tulizinakili usiku ule, na kompyuta ikauzwa.

Mwanafunzi wangu aliendelea kuisoma hesabu ya papa kwa majuma kadhaa, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa si mwepesi wa hati ile. Siku moja alikuja ofisini akanionyesha mstari mmoja katika ukurasa wa tisa. Baba yake yumo. Anadaiwa frasila mbili.