Ufukwe wa Mwadui

Mwaka 2014 Taasisi ya Guggenheim ilitangaza shindano la kusanifu makumbusho mapya kando ya maji, katika bandari ya Helsinki, mji mkuu wa Finland. Michoro 1,715 ikapokelewa. Mwaka uliofuata ofisi ya wasanifu ya Paris, Moreau Kusunoki, ikashinda kwa mabanda ya mbao zilizounguzwa hadi zikawa nyeusi, na mnara wa kuangalia bahari. Mwishoni mwa 2016 baraza la jiji likapiga kura, 53 kwa 32, na kukataa. Gati likabaki gati.

Naitafakari michoro hiyo nikiwa Shinyanga, mbali na bahari yoyote. Ilikwenda wapi? Msanifu anapochora jengo hutia watu ndani yake, vivuli vidogo visivyo na sura. Kuna mama aliyemshika mtoto mkono, kijana aliyeegemea ukuta, wazee wawili wanaopanda ngazi polepole. Wote wamefika mahali ambapo hapapo. Kwa kila mchoro ulioshindwa umati mzima ulifutika, na hata ule umati ulioshinda haukupata pa kusimama. Je, mtu anaweza kuomboleza kitu ambacho hakikuwahi kuwapo? Au huo ndio msiba mgumu kupita yote, usio na kaburi wala tarehe, ambao jirani hajui aje kukupa pole ya nini?

Nauliza kwa sababu naishi karibu na mahali ambapo kilichokuwapo na kisichokuwapo vimekaa pamoja muda mrefu.

Tuseme shindano la namna hiyo litangazwe hapo, Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Tuseme sharti lake la kwanza ni lilelile la Helsinki: jengo likae kando ya maji. Watu wangeshangaa. Hii ni nchi ya migunga na mibuyu, ya mito inayotiririka wiki chache kisha ikawa barabara za mchanga. Maji ya Ziwa Viktoria yenyewe yalitufikia kwa mabomba, kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama, na wapo wazee wanaoyakumbuka maisha kabla ya bomba kama mtu anavyokumbuka ugonjwa. Ufukwe utoke wapi?

Lakini Mwadui ina ziwa. Liko chini.

Makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita mwamba wa kimberlaiti ulipasuka kutoka kina kirefu cha dunia, ukarusha juu mawe, majivu na almasi, ukaacha shimo pana mno. Maji yakalijaza. Mvua baada ya mvua, kingo zikamomonyoka na kuingia majini, tope likatulia tabaka juu ya tabaka, laini, lenye mistari. Kwingine duniani mashimo mengi ya aina hii yamekwanguliwa na mmomonyoko hadi limebaki shina tu. Hapa kreta ilibaki na sakafu ya ziwa lake. Wachimbaji walipoanza kushuka walikuwa wanapita katika tope la ziwa ambalo hakuna jicho la mtu lililowahi kuliona likimeta.

Eneo hilo juu ya ardhi ni hekta 146 hivi. Naifikiria pembe yake, mahali ambapo maji yaliishia na nchi kavu ikaanza. Pengine palikuwa na ndege. Pengine mnyama aliinama akanywa. Ufukwe ule ulipotea bila shahidi, na hatukuwahi kuuhesabu miongoni mwa hasara zetu.

Hasara tunazozihesabu zilianza baadaye. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Thorburn Williamson, aliikuta almasi hapa baada ya miaka ya kutafuta akiwa na fedha kidogo na afya dhaifu. Simulizi hupenda kuuweka mbuyu karibu naye siku ile. Mwaka 1947 mgodi wake ukatoa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, naye akalitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Likachongwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalipachika katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Williamson alifariki Januari 1958, akazikwa Mwadui. Mwaka huohuo mgodi ukaingia mikononi mwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu.

Zaidi ya nusu ya lile jiwe ilibaki vumbi na vipande kwenye meza ya mchongaji. Hiyo sehemu ndiyo inayonishika. Bruchi tunaijua iliko, tunaweza kuinung'unikia, tunaweza kuitaja kwa jina. Ile nusu nyingine iliyosagwa ili hii ing'ae, nani anaidai?

Mzee mmoja wa Maganzo, nje ya ua wa mgodi, aliyetumikia mtambo wa kuoshea mchanga tangu ujana wake, nilipomwamkia na kumuuliza kuhusu almasi alizowahi kuziona, aliyaangalia viganja vyake kwanza. Vilikuwa vimekauka, na kwenye mikunjo ya vidole weupe fulani uliogoma kutoka. "Mimi nimeona mawe, mwanangu. Mengi sana. Almasi niliiona gazetini." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayeeleza hali ya hewa.

Makumbusho ya mahali kama hapa yangeweka nini ndani? Kazi yote ya Mwadui imekuwa kutoa. Unatoa udongo ili utoe mwamba, unatoa mwamba ili utoe jiwe, unalitoa jiwe nje ya ua, nje ya mkoa, nje ya nchi. Makumbusho kwa asili yake hufanya kinyume, hukusanya na kuzuia visiondoke. Msanifu anayekuja kushindana angepewa lile shimo kama mkusanyo mkuu, na shimo halina mlango. Je, alijengee ukuta? Au ajenge ngazi tu, watu washuke wafike mahali ambapo maji yaliishia?

Hata hivyo sijui kama jengo huokoa chochote. Unguja walikuwa na makumbusho yanayotazama bahari, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Ndani yake palikuwa na mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba bila msumari, lililoundwa upya kwa sababu ufundi wake ulikuwa umekwisha kutoweka pwani. Watu waliona kwamba jumba linahifadhi jahazi. Nani aliyekuwa akilihifadhi jumba? Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulikarabati, sehemu ya mbele ikaporomoka. Watu wawili walikufa. Tangu siku ile kila ninaposikia neno hifadhi nawaona mafundi wale waliokuwa na vifaa vya kuokoa mikononi.

Bujora, karibu na Mwanza, hapakuwa na shindano. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada kama Williamson, alijenga na Wasukuma makumbusho yao kwa kuyapa majengo umbo la vitu vyenyewe, hadi banda la watemi likachukua sura ya kiti cha enzi. Wakanada wawili walikuja katika nchi moja ya Wasukuma karibu kizazi kimoja, mmoja akachimba, mwingine akakusanya. Nimejaribu mara nyingi kuwaweka kwenye mizani na sipati jibu, kwa sababu na ngoma ya mtemi inayotundikwa ukutani imekwisha kutolewa mahali fulani. Imenyamazishwa ili idumu.

Tarehe 7 Novemba 2022 maji yalikuja Mwadui. Bwawa la majitope la mgodi lilipasuka kingo, tope la kijivu likatoka kwenda kwenye makazi na mashamba ya watu. Lilikuwa ni ile kreta iliyosagwa, ikaoshwa, ikanyang'anywa almasi zake, na sasa ilikuwa inatiririka tena kama ilivyotiririka kabla hajazaliwa mtu. Kwa siku kadhaa palikuwa na ufukwe wa kweli. Upande mmoja tope, upande mwingine mahindi. Mtu angeweza kusimama juu ya mpaka ule na kuonyesha kwa kidole mahali shamba lake lilipokuwa, na wenye mashamba walisimama.

Malkia Elizabeth alikuwa amefariki Septemba ya mwaka huo. Miezi miwili ikatenganisha kifo cha aliyelivaa lile jiwe na kurudi kwa tope lililolibeba. Sidai kwamba matukio haya yanasemezana. Lakini moyo wenye msiba huunganisha vitu, na sijui namna ya kuuzuia.

Basi nikirudi kwenye shindano langu lisilokuwapo, nakwama kwenye swali ambalo kila msanifu huuliza kwanza: kiwanja kiko wapi? Kikiwa ndani ya ua wa mgodi, watu watahitaji kibali getini ili wakautazame upotevu wao. Kikiwa nje, Maganzo, kitakaa kati ya madalali wa almasi wanaofunua karatasi iliyokunjwa na kuifunga kabla hujatazama sawasawa, na vijana tunaowaita wabeshi, wanaoruka ua usiku kwenda kuchekecha mchanga ambao ulikwisha kuchekechwa. Vijana hao wanazijua kingo za lile shimo kuliko ramani yoyote. Je, mchoro utakaoshinda utawachora, miongoni mwa vile vivuli vinavyopanda ngazi? Na walinzi nao watachorwa?

Na kama siku moja jengo litasimama, na chumba kikatengwa, na taa ikaelekezwa mahali pa bruchi, itabidi mtu aandike barua kwenda London kuiomba walau kwa mkopo. Nimeanza kuitunga barua hiyo kichwani zaidi ya mara moja. Anwani naijua. Salamu naziweza. Nakwama panapotakiwa kuandikwa ni nani anayeomba. Je, ni mgodi ambao umebadili wenyewe mara nyingi, au mji uliojengwa ndani ya ua? Mzee aliyeiona almasi gazetini? Wale waliopoteza mashamba? Au lile ziwa?