Vitz moja, tahajia mbili

Nimepotea wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe ndiyo ninayotaka kuwasimulia. Nimekuwa nikimwandikia programu jamaa mmoja hapa Nairobi anayeagiza magari ya mitumba kutoka Japani. Wateja wake hutoa arubuni kabla gari halijapanda meli. Gari likipotea kwenye orodha, au likahesabiwa mara mbili, hiyo ni pesa ya mtu imekwama.

Orodha za mnada humjia kwa Kijapani. Mimi Kijapani sikijui, lakini nimegundua kwamba sehemu kubwa ya orodha hizo ni Kiingereza kilichovaa kanzu nyingine. Wajapani huchanganya hati tatu: kanji zilizotoka Uchina, hiragana, na katakana. Hii ya tatu siku hizi kazi yake kubwa ni kuandika maneno ya kigeni. Ina alama za msingi 46, na karibu kila alama ni silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko. Konsonanti inayosimama peke yake ni n tu.

Mswahili hapo yuko nyumbani. Sisi nasi hatupendi neno liishie hewani bila irabu. "Driver" kwetu ni dereva, kwao ni doraibaa. Ila doraibaa ni dereva, tena ni bisibisi, tena ni ile programu inayoendesha printa! Ukipita hapo utakutana na biru, ambayo ni jengo, na biiru, ambayo ni pombe. Ukisahau kuvuta irabu umeagiza ghorofa. Sauti za l na r wao huziandika sawasawa, kwa hiyo "light" na "right" zote ni raito. (Hapo wengi wetu tumewazidi, ingawa kuna makabila humu nchini yatakayonyamaza.)

Na hawaoni haya kukata. Kompyuta ya kibinafsi ni pasokon. Kiyoyozi cha gari ni eakon. Usukani ni handoru, neno ambalo Mwingereza mwenyewe hatalitambua. Injini ikizima njiani ni ensuto, yaani "engine" na "stop" zilizokatwa mikia. Wenzangu kazini hunicheka nikisema seva na faili katika sentensi ya Kiswahili, eti nabandika irabu tu. Wajapani wamebandika irabu na bado wanatuuzia magari.

Wala si Kiingereza peke yake. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498 na Japani mwaka 1543. Sisi walituachia meza, bendera na gereza. Wajapani waliachiwa pan, yaani mkate. Nadhani wao walipata mgao mzuri zaidi.

Sasa Vitz. Kila mtaa wa Nairobi una Vitz zake. Kijapani hakina sauti ya v, na ile alama ya kuiandikia inatajwa kuwa kazi ya mwanachuoni Fukuzawa Yukichi mwaka 1860: alichukua u, akaitia vijistari viwili pembeni, ikawa ヴ. Toyota waliandika jina la gari kwa alama hiyo: ヴィッツ. Lakini wengi hutamka b, na wapo wanaoandika ビッツ, yaani bittsu. Hata serikali yao iliiondoa ヴ katika majina rasmi ya nchi mwaka 2019, na Cabo Verde ikapewa b. Wewe na mimi tunaona gari moja. Kompyuta inaona maneno mawili.

Kuna balaa la pili. Mwaka 1969 Japani ilitoa kiwango cha kuingiza katakana ndani ya biti 8, alama 63 zikiwekwa juu ya zile za Kilatini. Nafasi ilikuwa finyu, hivyo vijistari viwili vikapewa alama yao wenyewe. Ga ikawa alama mbili: ka, halafu vijistari. Maandishi hayo membamba bado yanatoka kwenye mifumo ya zamani. Kwa hiyo Vitz ile ile huweza kuja na alama nne, au tano: ｳﾞｨｯﾂ.

Hilo la pili dawa yake ipo. Yunikodi ina utaratibu uitwao NFKC unaogeuza nyembamba kuwa za kawaida na kuunganisha vijistari, na kwa Python ni mstari mmoja wa kodi (kodi ya programu, si ya nyumba). La kwanza halina njia ya mkato, kwa sababu NFKC haijui kwamba ヴィ na ビ ni ndugu. Nilikaa na yule jamaa jioni tatu tukiandika jedwali, jina baada ya jina. Yeye hakusoma kompyuta wala Kijapani, lakini anayatambua majina ya magari kwa macho tu, jinsi mama mboga anavyotambua noti bandia.

Mteja wa kwanza kutafutiwa gari kwa jedwali hilo alikuwa mwalimu aliyetaka Vitz ya fedha. Zilitokea sita. Kwa utafutaji wa zamani zingeonekana mbili.

Kilichobaki ni safu ya nchi inakopelekwa gari. Hapo nimekuta Kenya yetu nayo inaandikwa ケニア na ケニヤ, Kenia na Keniya. Nimezikubali zote mbili.