Sanduku Lisilo Letu

Kwa miaka saba tuliishi Jeddah, sisi wawili na watoto wetu watatu, katika nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu. Mwezi wa Shaabani tulipata habari kwamba kazi imehamishiwa Riyadh, na kwamba mwanzo wa Mfungo Mosi tunatakiwa tuwe tumeshafika. Mshahara haukuongezwa, wala hapakutolewa fedha za kuhamia. Baina ya miji hiyo miwili pana kilomita 950 hivi, karibu mara mbili ya safari ya Mombasa hadi Nairobi, na sehemu kubwa ya njia ni jangwa.

Wengi katika wasomaji wetu wana mume, ndugu au binti katika nchi za Ghuba, na huenda siku moja nao wakafikwa na jambo kama hili. Ndiyo sababu tumeona tuyaandike yaliyotukuta, yale tuliyoyafanya vyema na lile ambalo nusura tulikosee.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba nyumba za kupanga za huko mara nyingi hukabidhiwa zikiwa kuta tupu. Mpangaji hujinunulia viyoyozi, jiko, kabati za jikoni, hata taa na mapazia. Akija kuhama, hujikuta ana mali nyingi kuliko alivyodhani. Kampuni moja ya kuhamisha vyombo ilikuja, ikatazama chumba baada ya chumba, ikatutajia riyali 4,300. Fedha hizo hatukuwa nazo, na ada ya skuli ilikuwa inatungoja.

Mali bila daftari huisha bila habari. Usiku mmoja baada ya tarawehe tulikaa kitako, tukapiga mistari tukagawa ukurasa sehemu tatu: vya kubeba, vya kuuza na vya kutoa. Tulijiwekea kipimo kimoja. Mwenye lori hauzi nguvu ya gari lake, huuza nafasi. Kwa hiyo kila kitu tulikiuliza maswali mawili: kitachukua nafasi kiasi gani, na kukinunua tena Riyadh ni bei gani? Kochi kubwa, ambalo peke yake lingejaza robo ya lori, tuliliuza riyali 250. Kabati za jikoni zilikatwa kwa kipimo cha ukuta ule na zisingefaa kwengine. Hizo tulimwachia mpangaji aliyekuja baada yetu, pamoja na viyoyozi viwili, kwa riyali 1,500. Friji na mashine ya kufulia tulivibeba, lakini havikusafiri vitupu. Ndani yake tulijaza mashuka, leso na nguo za watoto. Vitabu tulivitia katika katoni ndogo tulizopewa bure na muuza duka wa mtaani, kwani katoni kubwa ya vitabu haiinuliki. Mbuzi ya kukunia nazi, aliyotufungia mama tulipoondoka Mombasa, haikuulizwa swali lolote.

Kwa anayerudi nyumbani moja kwa moja, hesabu huwa nyingine. Mzigo wa meli hulipiwa zaidi kwa ujazo wake, na mzigo wa ndege kwa uzito, isipokuwa ukiwa mwepesi na mkubwa, hapo ndege nayo hutazama ujazo. Basi vitabu na vyombo vizito huenda kwa bahari. Ama mito na magodoro, mara nyingi ni nafuu kuyatoa sadaka na kununua mengine.

Tulipodhani tumemaliza, likabaki sanduku moja la buluu chini ya kitanda cha watoto.

Lilikuwa la dada mmoja wa Kilifi aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya jirani. Miaka minne nyuma alikwenda likizo, akachukua mzigo alioruhusiwa na ndege, na hilo akatuwekea sisi. Alisema, “Nikirudi nitakuja kulichukua.” Mkataba wake haukuendelezwa, na hakurudi. Siku za mwanzo tukisalimiana kwa simu, baadaye salamu zikapungua.

Tukiwa na kalamu mkononi hatukujua tuliandike wapi. Alasiri ya siku ile mmoja wetu alikuwa ameshalisogeza mlangoni, pamoja na nguo za kutoa. Hoja yake ilikuwa kwamba ni nguo kuukuu, na miaka minne ni mingi. Mwengine akasema liachwe kwa marafiki zetu pale pale Jeddah. Yote mawili yalionekana ya busara, na yote mawili yangetupunguzia mzigo. Lakini tulikumbuka tulivyofunzwa chuoni tungali wadogo, kwamba aliyewekewa amana hana ruhusa ya kumkabidhi mtu mwengine pasi na idhini ya mwenyewe. Dada yule alituamini sisi, hao marafiki hawajui. Tena kutoa sadaka mali ya mtu si ukarimu.

Tukampigia simu. Tulipolitaja sanduku, alinyamaza kidogo.

“Nilidhani mumelitupa zamani,” akasema. “Nikaona haya kuuliza.”

“Mna nini ndani, dada?”

“Mna vitambaa vya mabuibui. Kila mwezi nikipata mshahara nilikuwa nikinunua kipande kimoja au viwili, nikasema nikirudi nyumbani nitafungua mahali pa kushona. Hiyo ndiyo akiba yangu.”

Tulitazamana. Lile tulilolisogeza mlangoni kwa mguu lilikuwa kazi ya miezi mingi ya mtu. Usiku ule tuliandika juu ya ukurasa sehemu ya nne: vya watu. Tulipopekua nyumba tena, tukakuta na sufuria ya jirani Msomali, na vitabu viwili vya fiqhi vya msikitini. Vikarudishwa kwa wenyewe kabla ya katoni kufungwa.

Kuhusu lori, tulikwenda mahali wanapokaa madereva wakingoja kazi. Wa kwanza alitaka riyali 2,200, wa pili 1,900. Wa tatu alikuwa ameleta mzigo kutoka Riyadh na alikuwa anatafuta wa kurudi nao, kwani kurudi mtupu kwake ni hasara. Huyo alikubali 1,600. Mwalimu mmoja wa Kisudani, tuliyekuwa tukisali naye msikiti mmoja, naye alikuwa anahamia Riyadh na vitu vichache. Tukashirikiana, yeye akalipa 600 na sisi 1,000. Lori lilipanda kwa njia ya As-Sayl al-Kabir, palipo na mikati ya Qarn al-Manazil, likapita Taif na kuelekea Najdi. Sisi tulipanda basi la usiku. Pasi, vibali vya ukaazi, vyeti vya watoto, dawa na dhahabu kidogo tuliyo nayo tulivishika mkononi. Sanduku la buluu nalo tulilitia katika buti la basi, hatukulitenga nasi.

Makosa hayakukosekana. Sahani tulizilaza moja juu ya nyingine badala ya kuzisimamisha kwa ubavu, na sita zikavunjika. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulikubaliana na dereva kwamba mzigo utafika “mpaka mlangoni”. Alipofika akasema mlango ni wa chini, na kupandisha ghorofa ya tatu ni riyali 300 nyingine. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inatufundisha kuyaandika madeni na kuyawekea mashahidi. Sisi tulikuwa tumeandika idadi ya vijiko, mapatano hatukuyaandika. Baada ya mazungumzo tulimpa 150, na tukaachana kwa salama.

Kamba, karatasi na utepe wa gundi vilitugharimu riyali 120. Jumla tulitumia 1,270, bila ya nauli yetu. Tuliyoyauza yalileta 1,750, na zile 480 zilizobaki zikanunua kiyoyozi kimoja kilichotumika. Wiki za mwanzo tulilala sote chumba kimoja, na watoto hulikumbuka jambo hilo kama sikukuu.

Likizo ya skuli ilipofika tulikuja nyumbani. Sanduku lilikuwa na kilo 27, kwa hiyo tuliacha katoni moja ya zawadi, na baadhi ya jamaa walitulaumu kwa kuja mikono mitupu. Tulilipeleka Kilifi wenyewe. Dada yule alilifungua mbele yetu, akahesabu vipande kimoja kimoja, vingine vingali ndani ya mifuko yake ya plastiki. Vilikuwa kumi na saba. “Vyote vipo,” akasema, kisha akakifunua kimoja na kukipima kwa mkono wake, kama mtu aliyekwisha kuanza kazi. Alitaka kutulipa gharama ya mzigo. Tulimwomba atuombee dua, likatosha.

Ndugu zetu, mkifikwa na safari ya kuhama, tafuteni bei nafuu, shirikianeni, uzeni yasiyo na lazima na andikeni mapatano. Lakini kabla ya kuhesabu vyenu, anzeni kwa kupekua nyumba mtafute vya watu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzirejeshe amana kwa wenyewe, na hakuwatoa katika amri hiyo walio na haraka wala walio na lori dogo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, na awarejeshe kwao kwa salama. Amin.