Mkekani kwa Akina Mama

Kwetu Tanga, mtoto wa dada yangu alipochelewa kukaza shingo, maelezo yalikuwa mengi. Amechezewa. Mama yake aliruka kitu alipokuwa mjamzito. Mama yetu alimnywesha mjukuu wake kombe, akamvalisha hirizi, akamkanda kwa mafuta ya nazi kila jioni. Sitaki mtu amcheke, maana siku zile yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimhangaikia mtoto. Zahanati walituambia tusubiri, watoto hawalingani. Tukasubiri mpaka mwaka ukapita, shingo bado imelegea.

Jibu tulilipata Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT: mtindio wa ubongo. Mtoto hakulia alipozaliwa, na daktari alisema kuna uwezekano mkubwa ubongo ulikosa hewa wakati ule, ikadhurika sehemu inayoongoza misuli. Alituambia wazi kwamba hakuna dawa ya kuliondoa dhara hilo, ila halizidi, na viungo vinaweza kufundishwa. Dada alilia sana. Naamini kilio kile kilikuwa na nafuu ndani yake, kwa sababu hapo hakuna aliyemuuliza alimkosea nani.

Lakini kilichobadilisha maisha ya nyumba ile kilitoka kwenye mkeka wa mazoezi pale hospitalini, walikokaa akina mama na watoto wao wakingoja zamu. Kulisha kulikuwa kumegeuka vita. Dada alimlaza mtoto mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, akamimina uji. Mtoto anapaliwa, anakakamaa, nusu ya uji inaishia kwenye kanga. Kifua kilikuwa hakimwishi. Mama mmoja wa makamo, mwenye binti mkubwa wa hali hiyo hiyo, alimtazama kidogo, akasema, "Mwanangu, ungelishwa wewe umeangalia dari ungemeza?" Akamkalisha mtoto wima, kiuno kimekunjwa, kidevu kimeinama kidogo. Akaomba uji mzito zaidi. Akaweka kijiko kidogo juu ya ulimi, akakibonyeza taratibu, kisha akangoja. Akangoja kweli. Mtoto akafunga mdomo mwenyewe, akameza.

Tuliporudi Tanga, fundi seremala wa mtaani alituchongea kiti cha kona chenye meza mbele. Mama yetu aliukubali ulishaji mpya alipoona kikohozi kinapungua; mafuta ya nazi hakuyaacha, na mtaalamu wa mazoezi alisema hayana ubaya.

Shemeji alichukua muda mrefu zaidi. Ndugu zake walikuwa wamemwambia kwenye ukoo wao hakuna ugonjwa huo, naye akawa anarudi nyumbani usiku tu. Hakuna hotuba yetu iliyomrudisha. Siku dada alipolazwa na malaria, ilibidi amlishe mtoto yeye. Tangu hapo chakula cha jioni ni kazi yake, na wale ndugu wakija wanamkuta na kijiko mkononi.

Kisha likaja suala la shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipita mwaka 2010, na elimu imo ndani yake kama haki. Hata hivyo shule ya kwanza tuliyoiendea ilitukataa, eti hakuna wa kumpeleka mtoto chooni. Dada alikuwa ameshakusanya akina mama wenzake wa hapa wenye watoto kama wake, wakaenda pamoja shule nyingine, wakaahidi kupokezana kusaidia darasani. Walikubaliwa. Hilo linanitia uchungu bado, kwamba haki iliyoandikwa ilihitaji wanawake waliochoka waje kuifanyia kazi bure.

Siku hizi kikundi chao hukaa kliniki siku ya kupima uzito. Wanatazama shingo za watoto, mikono iliyokakamaa, mtoto asiyefuata sauti. Wakimwona mmoja, wanakaa na mama yake, wanampa namba ya simu, na mmoja wao anamsindikiza hospitali wiki hiyo hiyo.