Mche na Sumu Yake

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa metali na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Risasi ya bunduki huja na mlio. Ile iliyomo udongoni haina mlio, na wa kwanza kukabiliana nayo ni mche wa siku tatu.

Mbegu ina nafuu. Imejifunika ganda, tena ina akiba yake ya chakula. Hivyo aghalabu huota hata penye sumu. Taabu huanza pale mzizi wa kwanza unapochomoza kutafuta maji. Ncha yake, ambamo seli hugawanyika, hudumaa. Mzizi hugeuka rangi ya kahawia na vijizizi vya pembeni huwa haba. Ndiyo maana watafiti hupima urefu wa mzizi, wala hawaridhiki na kuhesabu mbegu zilizoota.

Kadimiamu ni mjanja zaidi. Mche hauihitaji, lakini hupenya kwa milango ya zinki, chuma na manganizi, mithili ya mwizi aliyevaa nguo za mwenye nyumba. Risasi kwa wingi hukwama mizizini. Kadimiamu hupanda hadi majanini.

Mche nao hujitetea. Mwaka 1985 watafiti wa Ujerumani walieleza juu ya peptidi ambazo mmea huziunda ili kuikamata metali hiyo. Ikishakamatwa, husukumwa ndani ya vakuoli, kijichumba cha seli, ikafungiwa humo. Mche ulioshindwa hupauka, mkulima akaung'oa. Ulioweza huhamishwa kutoka kitaluni, ukakua, ukavunwa.

Hapo ndipo penye utata, kwani kilichofungiwa hakijatoweka. Katika bonde la mto Jinzu, Japani, mpunga ulinyweshwa maji yenye kadimiamu kutoka mgodini. Ulivunwa, ukaliwa. Mifupa ya walaji, wanawake hasa, ikawa dhaifu hata ikavunjika. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali ilikiri chanzo chake mwaka 1968.

Kandokando ya Mto Nairobi sukuma wiki hunyweshwa maji yaliyokwisha kupita viwandani na majaani. Majani yake ni mapana, ya kijani kibichi. Mnunuzi sokoni huligeuza fungu, akatafuta matundu ya wadudu, asiyaone, kisha akauliza bei.