Gofu Limuru: Jinsi ya kupanga safari ambayo familia nzima itafaidi

UKIWAULIZA wakazi wa Nairobi wanaopenda gofu wanakokwenda wakitaka kutoka nje ya jiji, wengi watakutajia Naivasha, Nanyuki au Pwani. Wachache watataja Limuru. Ni karibu mno, watakuambia. Limuru ni mahali pa kununua viazi na plamu kando ya barabara, au pa kupita tu ukielekea Nakuru.

Kwa mzazi, ukaribu huo ndio sifa yake kubwa. Ni safari ya kilomita 30 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Unaweza kuondoka nyumbani asubuhi, ukacheza, ukala na watoto, ukatembea nao msituni, na bado ukarudi kabla ya saa zao za kulala. Hakuna hoteli ya kulipia wala mizigo ya kufunga.

Nilianza kuwaza kuhusu Limuru kwa sababu ya mvutano uliokuwa nyumbani kwa dada yangu. Shemeji alipatikana na shinikizo la juu la damu, na daktari akamshauri atembee zaidi. Yeye akachagua gofu. Ushauri ulikuwa mzuri na ameufuata vyema, ila umemeza Jumamosi zote. Anaondoka watoto wakiwa wamelala, anarudi jioni akiwa amechoka.

“Presha yake imeshuka, yangu imepanda,” dada aliniambia siku moja tukiosha vyombo.

Nikiwa mwandishi wa habari za afya, sikuweza kumwambia shemeji aache kutembea. Sikuweza pia kumwambia dada kwamba kukaa peke yake na watoto wawili kila wikendi si kitu. Tukaketi watatu mezani, tukapanga siku moja ambayo gofu ingekuwa sehemu ya safari ya familia, wala si sababu ya familia kutengana.

Kwa nini gofu inafaa moyo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kutembea kwa kasi kidogo ni mazoezi ya aina hiyo. Mtu anayecheza mashimo 18 kwa miguu hutembea takriban saa nne, na mara nyingi huvuka kilomita nane. Mashimo tisa ni karibu nusu ya hapo.

Mwaka 2008, watafiti wa Karolinska nchini Uswidi walichapisha matokeo ya kufuatilia wanagofu wapatao 300,000. Walibaini kwamba kiwango cha vifo miongoni mwao kilikuwa chini kwa asilimia 40 kikilinganishwa na cha watu wengine wa umri, jinsia na hali ya kiuchumi inayofanana. Hiyo haithibitishi kwamba gofu yenyewe ndiyo iliyowaongezea miaka, kwa sababu mara nyingi wanaocheza ni wale ambao tayari wana nguvu na nafasi ya kufanya hivyo. Hata hivyo, kutembea muda mrefu kwenye hewa safi ni jambo ambalo daktari yeyote atalikubali.

Siri iko kwenye miguu. Ukipanda kigari cha gofu kutoka shimo moja hadi jingine, sehemu kubwa ya faida hiyo unaiacha kwenye kiti. Kama afya yako inaruhusu, tembea. Kama goti au kiuno kinasumbua, chukua kedi akubebee mfuko wa fimbo badala ya kuubeba begani. Kedi anaujua uwanja, atakuonyesha upepo unavuma wapi na mpira umepotelea wapi, na malipo yako ni riziki ya nyumba yake.

Viwanja viwili, njia moja

Limuru Country Club iko upande wa Tigoni, kwenye mashimo 18 yaliyozungukwa na mashamba ya majanichai. Ukisimama pale asubuhi unaona kijani cha nyasi kikiungana na kijani cha chai, na ukungu ukipanda taratibu kutoka mabondeni. Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya Nakuru, kabla ya kufika Limuru utapita eneo la Kikuyu, ambako kuna Sigona, uwanja mwingine wa mashimo 18. Ukikosa nafasi kwa mmoja, jaribu mwingine.

Piga simu mapema, angalau wiki moja kabla, kwa sababu viwanja hufungiwa wageni siku za mashindano, na mashindano mengi huwa wikendi. Uliza mambo manne. Je, mgeni asiye mwanachama anaruhusiwa siku hiyo? Anahitaji kuonyesha kadi ya kiwango chake cha mchezo? Ada ya uwanja na malipo ya kedi ni kiasi gani? Na je, watoto wanaruhusiwa, na sehemu zipi?

Swali hilo la mwisho ndilo wazazi wengi hulisahau. Uliza pia kuhusu sehemu ya mazoezi na ile ya kusukumia mpira shimoni, kwani hapo ndipo mtoto anaweza kuonja mchezo bila kuzuia wanaocheza. Akiupenda, nchini kuna Junior Golf Foundation, inayokuza gofu kwa watoto na vijana. WHO inapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na si kila mtoto anapenda kandanda.

Kuhusu mavazi, shati lenye kola na suruali au kaptura nadhifu zitakupitisha karibu popote. Jinzi ziache nyumbani.

Mpango wetu wa siku

Shemeji alitaka mashimo 18. Dada alitaka awe mezani wakati wa chakula cha mchana, akiwa na nguvu za kuzungumza. Tulikubaliana mashimo tisa, kwa miguu, kuanzia mapema asubuhi. Alinung’unika kidogo, kisha akakubali.

Sisi wengine tulienda Kiambethu, shamba la chai la zamani huko Tigoni linalopokea wageni kwa miadi. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903, na ilipandwa papa hapa Limuru. Mtoto aliyezoea kuona chai ndani ya pakiti anashangaa kuonyeshwa kichaka na kuambiwa kwamba kinachochumwa ni majani mawili na chipukizi tu.

“Mjomba, sasa mbona hii ni kijani na ya kwenye kikombe ni nyeusi?” mpwa wangu wa miaka saba aliniuliza. Alijibiwa vizuri kuliko ambavyo ningemjibu mimi: jani likikauka kidogo na kusagwa, hewa hulibadilisha rangi, kisha hukaushwa kabisa kwa joto.

Ziara hiyo huendelea hadi chakula cha mchana, na hujumuisha kutembea kwenye kipande cha msitu wa asili ambako mbega weusi kwa weupe huishi. Weka nafasi kabla ya kwenda, na utaje idadi ya watoto. Shemeji alitukuta mezani, viatu vikiwa na umande. Alikula, akasikiliza habari yote ya chai kutoka kwa mwanawe, na hakusinzia.

Kama bajeti hairuhusu ziara ya kulipia, Brackenhurst, pia huko Tigoni, ina msitu wa miti ya kiasili uliorudishwa mahali palipokuwa na mikaratusi na miti mingine ya kigeni. Kuna njia za kutembea, na mtoto anaweza kujifunza majina ya miti ambayo babu na nyanya walitumia kwa dawa, kuni na ujenzi. Uliza kwanza masharti ya kuingia.

Waambie watoto historia ya ardhi hii

Mandhari ya Tigoni ni tulivu hivi kwamba ni rahisi kusahau yaliyotokea hapa. Wakati wa ukoloni, familia za Wakikuyu zilizokuwa na ardhi Tigoni ziliondolewa ili kuwapisha walowezi, na nyingine zikahamishiwa Lari. Uchungu wa uhamisho huo ulichangia mauaji ya Lari ya mwaka 1953, wakati wa vita vya Mau Mau.

Jirani na hapo ni Kamirithu, alikozaliwa Ngũgĩ wa Thiong’o mwaka 1938. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho waliigiza tamthilia kwa lugha yao wenyewe, na serikali ikaipiga marufuku. Baadaye, mwaka 1982, ukumbi wao ukabomolewa. Ngũgĩ alifariki mwaka 2025. Mtoto aliye sekondari anaweza kuelewa haya, na gari likiwa safarini ni mahali pazuri pa kuyazungumza kwa sababu hakuna anayeweza kuondoka.

Afya: Mambo ya kuzingatia

Mwinuko: Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Nairobi hatahisi tofauti kubwa. Mgeni aliyetoka Mombasa jana anaweza kuhema haraka kwenye mlima, kwa hivyo apunguze mwendo.

Jua: Baridi hudanganya. Kadiri unavyopanda juu ndivyo miale inayochoma ngozi inavyoongezeka, na mawingu hayaizuii yote. Vaa kofia yenye ukingo mpana, upake mafuta ya kukinga jua, na uwapake watoto pia. Kwa mtu mwenye ualbino, haya si ya hiari. Aongeze shati la mikono mirefu.

Baridi: Juni hadi Agosti kuna ukungu na baridi kali asubuhi. Mtoto mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na ikae kwenye mfuko wa mzazi, si ndani ya buti la gari. Januari na Februari ndiyo miezi inayofaa zaidi. Mvua ndefu za Machi hadi Mei huacha uwanja ukiwa na tope.

Dawa za presha na kisukari: Usiruke dozi kwa sababu ya safari. Anayetumia dawa za kisukari ale kabla ya kuanza kucheza, abebe kitu chenye sukari, na amwambie anayecheza naye. Aliyewahi kupata maumivu ya kifua, au anayeishiwa pumzi akipanda ngazi, amwone daktari kabla ya kupanga safari ya aina hii.

Maji: Beba chupa yako. Katika hewa baridi mtu hasikii kiu haraka, lakini bado anapoteza maji.

Mpira na radi: Mpira wa gofu ni mgumu na unaweza kumjeruhi mtu vibaya. Wafundishe watoto kwamba wakisikia mtu akipaza sauti “foo!” wainame na kufunika kichwa kwa mikono, wasigeuke kutazama. Ngurumo zikianza, ondokeni uwanjani mara moja. Msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na msirudi hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.

Shimo la 19

Wanagofu hutania kwamba shimo tamu zaidi ni la 19, yaani baa ya klabu. Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Kwanza, pombe nyingi hupandisha shinikizo la damu, kwa hivyo bia nne baada ya kutembea saa nne ni kujenga na kubomoa. Pili, barabara ya Limuru jioni huweza kufunikwa na ukungu, na malori hayakosi. Anayeendesha gari asinywe kabisa.

Tatu, hapo ndipo saa za familia hupotea. Mchezo wenyewe una mwisho unaojulikana, shimo la tisa au la 18. Mazungumzo ya baa hayana. Kubalianeni nyumbani, kabla ya kuwasha gari, ni saa ngapi mnakutana na ni saa ngapi mnaondoka, na watoto wasikie makubaliano hayo. Mtoto wa miaka saba ni mlinzi wa saa asiyehongeka.

Kabla ya kurudi, simameni kando ya barabara mnunue matunda na mboga za msimu. Yaosheni vizuri kabla ya kula, na kama kuna mahindi ya kuchoma, mpe kila mtoto hindi lake ili amani idumu hadi Nairobi.