Kiongozi Aliyeongozwa

Ndugu msomaji, kazi ya kujitolea haina mshahara, lakini haikosi malipo. Mimi ni kiongozi wa kikosi cha skauti, na malipo yangu ya kwanza yalikuwa aibu.

Siku moja nilikuwa nikishuka na vijana 12 kutoka milima ya Nyandarua. Ukungu ulitanda, njia ikanipotea. Kiburi kilinikataza kusema. Nikazidi kutangulia kama mtu ajuaye aendako. Ndipo mdogo wa wote akanijia, akasema kwa adabu, "Mwalimu, alama zangu tumeziacha nyuma."

Asubuhi, tulipokuwa tukipanda, alikuwa amepanga vijiti na mawe kando ya njia, kama nilivyomfundisha. Mimi nilisahau mafunzo yangu mwenyewe, yeye hakusahau. Nilikiri mbele ya wote kuwa nimepotea, nikamfuata. Kabla ya jua kuchwa tulifika barabarani.

Kesho yake tulizuru Nyeri, alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1941. Juu ya kaburi lake pana duara lenye nukta katikati, alama ya njia yenye maana kwamba aliyeiweka amekwenda nyumbani. Kijana yule aliisoma kabla yangu.

Msomaji, utakapokuwa mtu mzima ukaitwa kuongoza vijana, itika. Usiogope kukosa, ogopa kuona haya kusema, "Sijui." Afundishaye vijana kuona njia hujiwekea akiba ya macho.